Niliwaambia Si Wewe Uliyenifundisha

Veronika mwanangu,

Sasa umezidi. Tangu tukulaze hapo nyuma ya jiko, hatua ishirini tu kutoka mlango wangu, miaka saba yote, umenijia ndotoni mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unatafuta kanga yako, ukaipata, ukaenda zako. Mara ya pili ulisimama mlangoni umenuna, hata shikamoo hukutoa. Na tangu hiyo ya pili masika mawili yamepita. Hata wasichana walioolewa Tarime huko wanakujaga kuona mama zao Krismasi. Wewe uko hapo nyuma, unanikalia kimya kama mpangaji.

Haya, hutaki kuja, nakuandikia. Na usianze kunisahihisha kabla hujafika mwisho, maana nina neno la kukwambia, na ni baya.

Kwanza habari za huku. Sabuni zimerudi. Sukari imerudi. Ile foleni tuliyokuwa tunaiamkia, wewe na mwanao Nyamisi mgongoni, haipo tena. Maduka ya Musoma yamejaa mpaka mlangoni: redio, mafuta ya kupaka, masuruali ya mitumba, ya kafa-ulaya, yanayoweza kuingia watu wawili. Zamani tulikuwa na hela kidogo, vitu hakuna. Sasa vitu vipo, hela hakuna. Sijui waliopanga mambo haya walisomea wapi, lakini wasinikute.

Shule nayo siku hizi inataka mchango, na sare, na dawati, na karatasi ya mtihani. Mwanao alirudishwa nyumbani mara tatu muhula mmoja. Alikuwa anakaa hapa nami kuchambua dagaa, na kichwa chake kile. Nilikuwa namwangalia, nakasirika, sina wa kumkasirikia. Hapo ndipo neno lenyewe lilipoanzia.

Mwaka jana ikaja miradi. Uliondoka kabla hujaijua miradi, umekosa kichekesho. Huu wa kwetu una gari jeupe lenye maandishi pande zote kama kanga. Wanasema unasaidia watoto, vijana na watu wazima walio katika umaskini. Mimi sikujua kama niko katika umaskini, nilijua niko Makoko. Msichana wao mmoja alikaa mlangoni kwangu na karatasi, akaniuliza, "Bibi, mnakula mara ngapi kwa siku?" Nikamwambia, "Wewe je?" Akaandika. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Mkubwa wao ni Mratibu. Jina analo, ila akiitwa kwa jina haitiki. Viatu vyake vinang'aa mpaka dagaa zinajiona humo. Kila wiki yuko semina Bunda, anajadili sisi, anarudi ananukia pilau. Basi akaamua wanawake wa Makoko wafundishwe kusoma. Akakodi ukumbi Kamunyonge, akaweka viti, ubao wa kijani, kalamu mpya. Halafu akapanga saa. Saa nne asubuhi, Vero! Saa nne, dagaa ziko mchangani zinataka kugeuzwa, na ndege wote wa ziwa wako kazini! Walienda wanawake wawili, na mmoja alifuata soda. Mratibu akaandika kwamba wanawake wa Makoko hawana mwamko. Sisi tunaopokea mitumbwi kabla jogoo hajawika. Angekuja siku moja atuulize, tungemwambia bure.

Wewe hukuwa na kiti hata kimoja. Shule yako ilikuwa imeishia darasa la saba, hakuna aliyekulipa, ukaja mchangani ukasema, "Kati ya kugeuza na kugeuza mnakaaga bure. Kaeni hapa." Fimbo ya kufukuzia ndege ndiyo ikawa kalamu yetu. Mtu anaandika herufi moja, anainuka anafukuza kunguru, anarudi anaandika nyingine. Chaki zilipokwisha nchi nzima, ukaandika kwenye ubao wa mtumbwi mbovu kwa kopa la muhogo mkavu, na siku ile ya njaa Mama Kulwa akaila chaki yote. Ukasema, "Basi, leo hesabu hakuna, imeliwa."

Nami nilikusumbua. Ulitaka nikuite mwalimu kama wenzangu. "Darasani hakuna mama," ukasema. Nikakujibu mbele ya wote, "Nimekutawaza kwa mkono huu, leo nikuite mwalimu?" Walicheka mpaka ndege wakala nusu ya mkeka wa dagaa. Ukaninyima zamu ya kusoma wiki nzima, mimi, niliyekuzaa. Wiki iliyofuata nikakuita. Neno lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki furu, lakini nilikuita. Ulijifanya hukusikia. Nikaita tena.

Sasa lile neno baya.

Ikasemekana wageni wanakuja, wale wenye hela za mradi, kuona watu wazima waliosomeshwa. Na waliosomeshwa hawapo. Mratibu anazunguka Makoko jasho linamtoka, akanikuta nimekaa nasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. Macho yakamtoka kama mtu aliyeona sangara anatembea nchi kavu.

"Bibi, kumbe unasoma?"

"Nasoma. Alinifundisha mwanangu."

Akachuchumaa, na suruali yake ile. "Hilo la mwanao, bibi, wageni si lazima walijue. Litawachanganya." Halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu, akasema jina la Nyamisi lipo kwenye orodha ya watoto wa kulipiwa shule, limebaki jambo dogo tu. Hakusema jambo gani. Ana adabu, yule.

Siku yenyewe ikafika. Wakanivika fulana ya mradi juu ya gauni langu la kanisani, ndogo, jina la mradi likanilalia tumboni. Wakanipa karatasi. Nilikuwa katika giza, karatasi inasema. Mradi umenifumbua macho. Nikasoma yote bila kukwama, na kwenye nukta nikapumzika kama ulivyonifundisha, hapo usinifikirie vibaya. Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja, mgeni, akafuta machozi. Yule alikuwa mtu mwema, ndiyo maana akaharibu. Akaniuliza kupitia mkalimani, "Mama, ni nani alikufundisha?"

Karatasi ilikuwa imeisha. Hilo halikuwemo.

Nyamisi alikaa benchi la mbele na watoto wengine, ndani ya sare mpya yenye mikunjo ya dukani, magoti ameyabana. Nikamwangalia yeye. Nikamnyoshea kidole Mratibu. Nikasema, "Huyu hapa."

Na yeye akainamisha kichwa kama padri anapokea sadaka. Mtu ambaye hajanifundisha hata kufungua soda.

Basi. Wageni wakapanda magari kwenda kutembea Butiama, sisi tukapewa wali. Nilikukana, Vero. Nilikukana mbele ya mtoto wako, kwa ajili ya mtoto wako. Nikiulizwa tena leo nitasema vilevile. Mradi naudharau, Mratibu namdharau, na hiki kidole changu nacho nakidharau, lakini michango ya mwanao imelipwa mpaka darasa la saba, na hakuna tena wa kumtoa mlangoni.

Nilidhani nimemaliza. Njiani mtoto akanitangulia. Tulipofika akavua sare, akaikunja vizuri, akaniuliza bila kunitazama, "Bibi, kwa hiyo mama hakuwa mwalimu?"

Unaelewa lakini? Alikuwa na miaka minne ulipoondoka. Miaka saba nimemlisha uji na habari zako, mama yako alikuwa mwalimu, alinifundisha hata mimi, na hana kingine chochote cha kwako. Sasa yule bwana ana ukumbi, ana ubao, ana gari lenye maandishi, na mimi mwenyewe nimemwonyesha kwa kidole. Nilimpigia mtoto kelele akachote maji. Ndoo ilikuwa imejaa.

Nilipekua nyumba nimtafutie hata karatasi yako moja. Lile daftari lenye majina yetu na alama zako, nalijua lilikoenda. Mwaka wa ukame nilichana ukurasa mmoja mmoja nikafungia dagaa, nikauza. Usiseme kitu. Nimeshajisema mwenyewe, na mimi nikijisema sibakizi.

Jumamosi nikamshika mkono nikampeleka mchangani. Wanawake walikuwepo, wale wale wako, tisa waliobaki. Nikawaambia, "Andikeni majina yenu. Hapo chini. Sasa hivi."

Mama Kulwa akasema, "Wewe Mama Vero umepatwa na nini? Tuna dagaa hapa."

"Andika, au nakumwagia hii ndoo."

Wakaandika, kila mtu na fimbo yake. Nyamisi akapita katikati anatazama chini. Nami nikatazama. Na unajua, miaka yote ile sikuwahi kuona nilichoona siku ile. Herufi zetu zote zimelala kinyumenyume, upande mmoja, kama majani upepo ukitoka ziwani. Wewe ulikuwa wa mkono wa kushoto, mwanangu, herufi zako zililalaga hivyo, na sisi tuliiga kila kitu tukidhani ndivyo inavyotakiwa. Mratibu anaandika wima kama nguzo za umeme.

Mtoto akauliza, "Mbona wote mnaandika sawasawa?"

Kabla sijafungua mdomo Mama Kulwa akadakia, "Ndivyo mama yako alivyokuwa anaandika. Na ukisema ni vibaya nakuchapa."

Nyamisi akachukua fimbo yangu. Akajaribu kulilaza jina lake. Likamshinda, yeye msomi wa darasa la tano, akafuta kwa mguu, akajaribu tena. Alikaa pale mpaka dagaa zikageuzwa mara ya pili. Hakusema amekubali. Hakusema hajakubali. Ana kiburi chako. Lakini jioni alinisogelea jikoni akauliza ulikuwa unashikaje kijiko, na sahani, na mtoto, vyote kwa kushoto? Nikamwonyesha ulivyombebaga yeye. Mkono ukaniuma nikaendelea kuonyesha.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Sare ataivaa. Wageni wakirudi nitavaa fulana yao, na nikiulizwa nitanyosha kidole, hata viwili, walipe tu. Lakini siku mwanao anafanya mtihani wake wa mwisho wa darasa la saba, siku hiyo hiyo, naingia kwenye ukumbi wao na wanawake hawa tisa, tunanuka dagaa, bila kuitwa. Nitakaa kwenye kiti chao. Nitalitaja jina lako lote, na la baba yako, na kila herufi uliyotufundisha na siku uliyotufundisha, na Mratibu atasimama hapo na viatu vyake asikie mpaka mwisho. Nikifa kabla, Mama Kulwa atasema. Ana domo kuliko mimi.

Lala, mama. Nimekupalilia upande wa kichwani, ile nyasi ya miiba nimeing'oa yote.

Na ukija tena, usije kwangu. Mimi nakukumbuka mpaka ulivyokuwa unakohoa. Nenda kile kitanda cha dirishani, cha mwanao. Ameniambia, kwa shida ameniambia, kwamba sauti yako ameisahau. Mkaripie, kwa jambo lolote utakaloliona, kucha zake, anavyokaa, anavyolala na nguo za mchana. Mkaripie vizuri, usiwe na haraka, mpaka aamke anaijua.

Mama yako