Kilo Moja Ndani ya Helmeti

Imola, 3 Novemba 2019

Mpwa wangu Nevio,

Mapigo ya moyo asubuhi, kabla sijashusha miguu sakafuni: 44. Usingizi: saa tatu. Unaona, sheria yangu bado naifuata, ingawa siku hizi nabebwa kwenda msalani na masista wanaouguza wazee hapa. Wewe hujambo? Mkeo Amparo hajambo? Na vijana unaowafundisha mbio za magari huko Valencia, bado wanatapika kwenye ngazi?

Zamani niliwalazimisha madereva wangu wote waniandikie kila Jumapili, kwa mkono: mapigo, uzito, usingizi. Mlinicheka. Lakini mdomo wa dereva hudanganya. Mwandiko wake akichoka haudanganyi. Basi tazama mwandiko wangu huu, utajua kwa nini sina muda wa kuzunguka.

Mwaka 1991 kiti cha dereva kilikuwa kimoja nanyi mlikuwa wawili, wewe na mwenzako Sauro. Wakuu wa timu waliniachia niamue kwa jaribio la shingo: mtu alale ubavu juu ya benchi, kichwa nje, helmeti imetiwa mabamba mazito, na kichwa kisiiname kwa dakika mbili. Ndivyo kona kali zinavyokivuta kichwa cha dereva, mara mia kadhaa katika mbio moja.

Asubuhi ile mama yako alikuja ukumbini na sahani ya tambi za tortellini iliyofunikwa kitambaa. Hakuketi.

"Learco," alisema, "mume wangu alirudi kutoka mbioni ndani ya sanduku. Ukimpa na mwanangu kiti, mimi si dada yako tena."

"Nenda nyumbani, Ivonne," nikamwambia. "Shingo itaamua."

Alipoondoka nikafumua kitambaa cha ndani cha helmeti yako, nikaongeza kilo moja, nikakishona tena. Kichwa chako kilianguka kwenye dakika moja na sekunde hamsini na moja. Ukaniuliza, "Mjomba, nimekosea wapi?" Nikakujibu, "Shingo yako haikuumbiwa kazi hii."

Ile kilo naweza kuieleza mbele ya Mungu. Maneno yale siwezi.

Mjomba wako,
Learco


Valencia, 19 Novemba 2019

Mjomba,

Mapigo: 71. Usingizi: hakuna. Shikamoo imenishinda kuandika, utaniwia radhi.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Amparo akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia, "Bado."

Unajua nilifanya nini baada ya jaribio lile? Miaka sita nilining'iniza uzito kichwani asubuhi na jioni, nikitafuta shingo niliyoambiwa sina. Nilikaa kwenye chumba cha mvuke nikihesabu kurudi nyuma kutoka elfu moja, saba saba, ili akili isilegee kwenye joto. Hakuna timu iliyoniita. Diski mbili kati ya pingili za shingo zimepasuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Ndiyo maana mwandiko huu umelala, si hasira. Au si hasira peke yake.

Na Sauro hakufa, Mjomba. Aliendesha misimu miwili nyuma ya wenzake wote, sasa anauza aiskrimu huko Riccione na shingo yake kama gogo. Kwa hiyo ulimwokoa nani?

Kibaya zaidi ni hiki: vijana wangu wakianguka benchini, nawaambia maneno yako yale yale. Wiki jana nimemwambia Itziar, binti wa miaka kumi na tisa. Ameacha kuja.

Nijibu jambo moja tu. Mama alijua?

Nevio


Imola, 27 Novemba 2019

Mpwa wangu,

Mapigo: 39. Usingizi sijui, mchana na usiku vimechanganyika. Shingo yako inakuuma sana wakati wa baridi?

Hakujua. Alikufa akiamini ni shingo yako iliyokuokoa, akaendelea kunipikia kila Krismasi. Nilikula.

Msamaha sikuombi, mzee anayeomba msamaha kitandani anamtega mwenzake. Ila Itziar mtafute. Msuli uliochoka hulala ukapona, neno hubaki macho.

Nakutumia helmeti. Tangu siku ile sijaifumua.

Mjomba wako


Valencia, 6 Desemba 2019

Shikamoo, Mjomba.

Mapigo: 58. Usingizi: saa sita. Baridi inaniuma, ndiyo.

Helmeti imefika. Nimeipima kwenye mizani ya jikoni: ile kilo ipo. Kisha nikafanya upumbavu. Nikaivaa, nikalala ubavu juu ya meza. Sekunde tisa! Amparo akaingia. "Mzee mzima," akasema, "unataka kufia juu ya meza ya chakula?" Nikacheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Halafu nikafikiri. Dakika moja na sekunde hamsini na moja, na kilo nzima ya ziada. Wewe umepima shingo miaka arobaini. Wangapi walifika hapo? Nimeishi miaka ishirini na minane na shingo imara kuliko zote, nikiionea haya.

Jana nilikwenda kwa kina Itziar. Baba yake akanifungia mlango, Itziar mwenyewe akaufungua. Nikamwambia nilichosema ni uongo, na si wangu, nimeurithi. Akasema, "Basi mwalimu, Jumatatu ulale wewe benchini, mimi nishike saa." Nimekubali.

Sijakusamehe. Nataka nikae nawe kwanza. Jumapili ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano, natua Bologna. Ukipata barua hii acha kuhesabu mapigo. Nitakushika mkono niyahesabu mwenyewe, kwa vidole ambavyo bado vinasikia.

Mpwa wako,
Nevio


Imola, 12 Desemba 2019

Marahaba, mpwa wangu.

Sijahesabu.

Masista wa hapa maharagwe hawayatii chumvi. Njoo na chumvi.

Mjomba wako