Jiko la Kijapani Nililomchagulia Madam

Jumamosi, Al-Nuzha, Jeddah. Joto la kunata, hakuna upepo hata wa kudanganya. Wenye nyumba wamelala usingizi wao wa mchana, nami nimekaa chumbani kwangu, kile kilicho kati ya stoo na mashine ya kufulia, begi likiwa wazi miguuni.

Nina hasira, na hasira yenyewe sijui nimpe nani.

Wacha nianze na jiko, maana ni jiko lililoniponza.

Mwezi uliopita Madam aliona kwenye simu watu wakichoma nyama kwa jiko dogo la makaa la Kijapani, akalitaka. Madam akitaka kitu, nyumba nzima hushikwa na homa. Mumewe, tunayemwita Baba, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini mwenye kibali changu cha kukaa hapa, alipenda lile la chuma: zito, jeusi, zuri la kupigia picha. Madam akapenda la udongo, la mviringo, lenye wavu wa waya juu na kidirisha cha hewa chini. Kulikuwa na la tatu, refu kama kreti, la mishikaki. Wakabishana weee, hadi Madam akanigeukia nikiwa napanguza meza, akaniuliza mimi.

Mimi! Mtu ambaye huulizwa tu chumvi iko wapi.

Ningesema sijui. Neno moja hilo, na leo ningekuwa napanga safari nyingine kabisa. Lakini mimi nimelelewa na makaa. Mama yangu, kwetu tunamwita Mwaitu, alitulea kwa kuuza mahindi ya kuchoma pale kona ya soko la Tala, na kabla sijajua kusoma nilishajua makaa gani hurusha cheche na yapi hutulia. Basi nikafunguka. Nikawaambia chuma huwaka haraka na kupoa haraka, nyama inaungua nje na ndani bado mbichi. Lile refu ni la mtu mwenye wageni kila siku. La udongo, kuta zikiwa nene, linafungia moto ndani, makaa kidogo tu yanalisha familia, na kile kidirisha ndicho usukani: ukifungua moto unapanda, ukifunga unatii. Nikawaambia lisiwashwe ndani, makaa huua watu kimyakimya, likae juu ya paa penye hewa. Na lisiguswe na maji kamwe. Udongo ule hunywa maji ukapasuka. Lipanguzwe kwa kitambaa kikavu, basi.

Barasa, dereva wa hapa nyumbani, Mkenya mwenzangu wa Bungoma, alikuwa mlangoni akingoja funguo, akayasikia yote. Tulipokuwa garini kwenda kulinunua akanitazama kwenye kioo.

"Dada Ruth, hapa usijifanye fundi," akasema. "Mimi nilitengeneza gari lao mara moja tu. Likizo yangu ikafia hapo."

Nilimcheka. Nilimwambia aendeshe gari aache wivu.

Mimi nilikuwa na mipango yangu. Mkataba wangu uliisha tangu Ramadhani. Hapa hupandi ndege mpaka kafili akuombee viza ya kutoka, na kila nikimwuliza Baba husema bukra, kesho, na kesho yake haina asubuhi. Safari hii alisema vingine. Mama yake angekuja kutoka Riyadh, kungekuwa na karamu Ijumaa, na baada ya karamu tungezungumza. Nikaona nikiwapikia vizuri moyo wake utalainika.

Na muda sina. Macho ya Mwaitu yanazima. Ni presha ya macho, na daktari wa Machakos alimwambia kilichokwenda hakirudi. Nyuso hazitambui tena. Anaona mwanga, na rangi kali. Aliniambia kwenye simu nije nimevaa rangi ya kuwaka, anione hata mara moja kabla giza halijafunga. Siku ile ya kununua jiko tulipopita soko la Kandara, hapa hapa Jeddah, nikanunua gauni la manjano, manjano ya kuumiza macho, hata muuzaji alinicheka.

Nataka anione. Ni hilo tu. Sijaomba dhahabu ya mtu.

Jana ndiyo ilikuwa Ijumaa yenyewe. Barasa alileta gunia la makaa. Nikagonga moja kwa jingine, yakalia kama kigae, nikajua ni ya mgunga, mti wa kwetu. Muuzaji alimwambia yameshukia bandarini hapa, yametoka ng'ambo. Heri makaa, hayana kafili.

Niliwasha machache, nikangoja yavae majivu meupe, nikafunga kidirisha nusu. Nikachoma mbavu za kondoo, nikachoma kuku. Halafu kwa kiherehere changu nikachoma na mahindi, nikayapaka ndimu na pilipili vile Mwaitu hufanya. Mama Kabira, ndivyo tunavyomwita mama yake Baba, alikula hindi, akaomba jingine, akalamba vidole mbele za wakwe. Madam akatangaza kwa fahari kwamba jiko nililichagua mimi. Nami nimesimama pale na koleo mkononi, natabasamu kama mjinga. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa na sikutia hata tone. Kosa langu ni hilo.

Leo asubuhi Baba akaniita mezani. Nilikwenda nikijifuta mikono, nikijua ni viza. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi zaidi. Mama yake amezeeka, wasichana alio nao hawajui kupika, na mimi amenipenda. Kesho naondoka naye kwenda Riyadh. Mwaka mmoja tu. Na jiko nitalibeba.

Nikamweleza macho ya mama yangu kwa Kiarabu changu cha jikoni. Nilimweleza mpaka habari ya rangi. Alisikitika, tena kikweli, akamwombea shifaa, akachukua tende nyingine.

"Mwaka mmoja, inshallah," akasema. "Halas, yamekwisha."

Nikapanda juu ya paa. Jiko lilikuwa bado na moto, Mama Kabira alitaka mkate wake wa asubuhi upashwe hapo. Nikajaza ndoo maji nikalimwagia lote. Likafoka, likafuka mvuke, kisha likalia tak! na ufa ukashuka kutoka ukingoni hadi kidirishani. Sikujuta. Tangu nije nchi hii sijawahi kuharibu kitu kwa kupenda. Nilijiambia, kwa akili za mtu aliyechanganyikiwa, kwamba bila jiko hakuna Riyadh.

Barasa alinikuta pale, majivu yamenirukia hadi magotini. Hakusema, "Nilikwambia." Alichukua ndoo akaishusha chini.

Madam akapanda, akalitazama. Nikangoja kelele. Nilizitaka hizo kelele, maana kelele huzaa kufukuzwa, na anayefukuzwa huenda kwao. Yeye akapitisha kidole kwenye ufa polepole, halafu akaniwekea mkono begani kama anayempa pole mfiwa.

"Mafi mushkila, Ruth. Hakuna shida," akasema. "Riyadh kuna maduka makubwa. Utachagua jingine."

Utachagua jingine.

Nimejipalia makaa, na hata kuyazima siwezi. Kumbe si jiko walilolipenda. Ni hii mikono, na mikono nitaimwagia maji gani?

Nimempigia Mwaitu sasa hivi. Nilikuwa nimetunga uongo mzuri, nikauacha. Nikamwambia ni mwaka mwingine. Nilisikia kuku wake wakiparura uani. Kisha akaniuliza lile gauni nilipata rangi gani. Nikamwambia manjano. Akataka kujua manjano ya nini, ya embe au ya mtungi wa plastiki wa kuchotea maji. Nikasema ya mtungi, Mwaitu, ule mpya kabisa kutoka dukani. Akacheka kidogo.

"Hiyo naikumbuka," akasema.

Anaikumbuka. Hakusema ataiona.

Nasikia mlango wa Madam, wameamka, watataka chai. Begi halijafungwa bado. Gauni nimelitoa, nikalirudisha, nikalitoa tena, na mwishowe nimelikunja nikaliweka juu kabisa ya nguo zingine. Riyadh kesho. Sasa hili gauni namvalia nani?