Mbao Sita za Mninga

Tunduma,
9 Juni 2024.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepunguza kuuma, na mahindi yameshaingia ndani kabla ngedere hawajajikaribisha. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Tabita anakusalimu, mjukuu wako Atupele anakusalimu kwa mguno wake uleule, nami bado nakula vumbi la randa kila siku.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu zako hupokelewa na Osea dukani kwake, naye huweka sauti ya nje ili hata wanaonunua sukari wafaidi. Haya ni yako peke yako. Vaa miwani, kaa chini, usome taratibu. Umeniuliza mara mbili kuhusu mbao zako, na mara zote nimejibu kwamba ziko salama. Nitazifikia, mama. Kwanza nikupe habari za mtoto.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisema Atupele ni mvivu kama marehemu baba, kwamba atakaa na kusimama siku atakayopenda. Miaka mitatu ikatimia hajapenda. Mwezi wa kwanza Tabita alichoka na maneno yetu, akambeba mgongoni mpaka kliniki ya utengamao, wanakowasaidia watoto wadogo ambao viungo, masikio au ulimi umechelewa. Mtaalamu wa mazoezi wa pale, dada mmoja anayeitwa Jenista, alimkunja na kumkunjua, akatuambia ni mtindio wa ubongo: alipozaliwa alichelewa kulia, hewa ikamkosa. Nikamuuliza ni nani basi aliyemroga. Akacheka, akasema hakuna aliyeroga, na dawa yake kubwa ni jasho letu wazazi.

Tangu hapo nyumba yetu imekuwa uwanja wa gwaride. Asubuhi tunamnyoosha miguu, jioni tunamviringisha juu ya gunia la pumba. Tabita anahesabu kwa kuimba, na majirani sasa wanaitikia kutoka kwao. Mwezi wa tatu Atupele alikaa mwenyewe bila kuegemezwa, akamnyang'anya kuku punje za mahindi. Nililia mbele ya wateja, mama, wala sikuona aibu.

Kisha Jenista akanipa mchoro wa fremu ya kusimamia. Ina ubao wa kuegemea, meza ndogo mbele, mahali pa kuzuia magoti, na mikanda. Mtoto husimama humo nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, ili miguu ijifunze kubeba mwili. Mimi nikajigamba kwamba fundi wa aina yangu hahitaji hata kuutazama mchoro mara mbili. Nikatumia mbao za mlingoti ambazo hazijakauka, nazo mvua ya masika ilikuwa bado inanyesha. Wiki ya pili zikapinda, fremu ikayumba, ikaanguka na mtoto akiwa ndani. Hakuumia, lakini akawa hataki kusimamishwa popote. Akiiona tu anajikunja kama jongoo. Wiki tatu zikapita hivyo. Jenista akanionya kwamba visigino vimeanza kukaza, na vikikaza kabisa huenda asikanyage chini maisha yake yote. Nikazunguka Tunduma nzima kutafuta mbao kavu, nikakuta kila duka linauza unyevu.

Mbao kavu zilikuwa karakanani kwangu. Zilikuwa sita, za mninga, zimekaa miaka kumi na moja juu ya moshi wa jiko lako. Ndizo ulizonikabidhi Krismasi nizipige randa, zikusubiri kwa ajili ya jeneza lako.

Nimezikata, mama. Nimezikata zote bila kukuuliza, halafu nikakudanganya mara mbili. Ningekuomba ungenipa, hilo nalijua. Niliogopa ziende bure, mtoto akatae, nawe ubaki huna mjukuu aliyesimama wala mbao.

Siku ya kwanza nilipomweka kwenye fremu mpya alijikunja kama kawaida. Kisha akaisikia harufu. Akabandika shavu kwenye ubao, akavuta pumzi, akatulia. Ni moshi wa jiko lako, alikolala mgongoni mwako akiwa mchanga. Tangu siku hiyo anasimama bila kulia. Ule msalaba ulioupiga kwa chuma cha moto, ili mbao zisichanganywe na za mtu mwingine, nimeuacha mezani mbele yake, naye huupapasa kwa kidole. Mteja mmoja wa Nakonde alidhani nimetengeneza mimbari, akataka ya kanisa lao. Na Jumatano hii nilimfungua mikanda, akaishika meza, akasimama mwenyewe mpaka Tabita akafika saba.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ulizoweka zikulaze zimemsimamisha mjukuu wako, na ninakuomba unisamehe. Ukitaka kunikaripia, nikaripie kwa barua, si dukani kwa Osea. Nimekwisha kupata mninga mwingine, nao nitauleta huko nyumbani Mbebe mwezi ujao, mimi na Atupele na fremu yake. Ni mbichi kabisa. Tutaupandisha palepale juu ya jiko, na wewe unajua kwa moshi wako haukauki chini ya miaka kumi.

Nisalimie mama mdogo Ruti na wanakwaya wenzako wote. Nawe, mama, nakuomba usithubutu kwenda popote kabla mbao hazijakauka.

Mwanao anayekuogopa na kukupenda,
Ambakisye.