Eliya Amenipa Mji

Mikumi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kifua kimeachia? Baridi ya Mamboya naijua, usitoke alfajiri bila kujitanda khanga. Mimi mzima, nafua na kupiga pasi nguo za wageni hapa hotelini mpaka mgongo unalia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kaka akishika simu anaweka spika, na haya sitaki yafike kwa majirani.

Ni mjukuu wako Eliya. Mama, kuna kitu hakinikai sawa.

Namwachia Mama Shukuru, yule msusi jirani yangu, nikienda kazini. Zamani nikirudi nilikutana na mashtaka tu: Eliya kamwaga maji, Eliya maswali hayaishi. Ghafla mashtaka yakakoma. "Mtoto mtulivu huyo, hata uji haombi!" Mtoto wa miaka minne haombi uji? Nikasema hapa kuna jambo.

Siku moja nikaomba ruhusa mapema, nikaingia bila hodi. Mwenzangu anasuka wateja, Eliya kajikunja pembeni na kishikwambi chenye gemu za watoto. Anagusa picha, kinampigia makofi. Anagusa, makofi. Nikaita jina lake, nikaita tena, hakugeuka.

"Hayo ni masomo, Mama Eliya, yanafungua akili," akaniambia. Na mwalimu wake wa chekechea naye anashangilia, eti anajua rangi zote kwa Kiingereza. Nilitaka kufurahi, roho ikakataa. Maana kuongea ameacha, mama. Hata shikamoo mpaka nimfinye.

Jioni nikamwaga maharage kwenye ungo, mekundu na ya njano, nikamwambia anitenganishie. Unajua alifanyaje? Aligusa harage kwa kidole, akasubiri. Halikwenda. Akagusa tena. Kisha akanitazama kama mimi ndiye nimeliharibu. Loo! Nilicheka, halafu nikaogopa sana.

Sisemi gemu ni sumu. Baba mwenye nyumba wetu anacheza hizohizo na binti yake, wanabishana mpaka tunawasikia huku. Wangu anabishana na nani? Nilipomwuliza Mama Shukuru kwa nini hakuniambia, akaanza kuzungumzia mvua. Simwamini tena, na mbadala sina.

Jana nikampakata Eliya kama ulivyokuwa unatupakata sisi. "Kitendawili!" Nikamkumbusha kinachojibiwa.

"Tega," akasema, kwa sauti ndogo.

"Nyumba yangu haina mlango."

Akanigusa mdomo kwa kidole, akasubiri jibu litoke. Nikamwambia hapa hakuna kubonyeza, baba, umeshindwa, nipe mji. Akafikiri. Mama, nilimwona anafikiri! Nikajua atataja Kilosa, kwenye treni anayoipenda.

"Nakupa Mamboya," akasema. "Kwa bibi. Bibi anaongea."

Hapo nilitakiwa niseme nimefika Mamboya, nimekula hiki na kile, kisha nitoe jibu. Badala yake nikamkumbatia. Nimeumia, sikufichi. Pasaka uliponiomba nikuachie mtoto nilikukatalia, nikasema mwanangu nalala naye mwenyewe. Lakini mji ukishapewa unaupokea, ndivyo ulivyotufundisha. Jumamosi tunapanda gari la Kilosa, tukifika tunaunganisha kuja huko. Jumapili baada ya ibada nitarudi Mikumi peke yangu.

Nisalimie kaka, pamoja na spika yake. Wifi mwambie asimpe Eliya simu hata akilia, na atalia. Shangazi wa kwaya amwimbishe, hata kama atakosea.

Jibu la kitendawili bado hajalipata, na atakudai, najua. Usimwambie, mama. Mpeleke kwenye kiota cha kuku, umwekee yai mkononi, usubiri aseme mwenyewe.

Mwanao anayekuja na mizigo miwili na kurudi na mmoja,

Roda