Siku Chausiku Alipokula Daku

Jumatatu, baada ya isha. Mvua ya asubuhi imekatika, joto limebaki, na mimi nanuka dawa ya kliniki mpaka kwenye ushungi. Nimechoka, lakini uchovu wenyewe ni wa raha. Paka wetu yu hai.

Nimeanzia mwisho. Ngoja nirudi nyuma.

Chausiku ni paka wa Shangazi Mwanaidi, mweusi tii, mwenye maringo ya mke mdogo. Naishi nao wawili hapa Bagamoyo mjini, na kwa cheo cha nyumba hii mimi ni wa tatu. Hivi karibuni aliota uvimbe tumboni, karibu na chuchu. Ulianza kama punje ya mbaazi, nikajiambia kaumwa na mdudu. Ulipofikia ukubwa wa kokwa ya tende niliacha kujidanganya, nikampeleka kliniki ya wanyama kule Mapinga. Daktari Upendo aliubonyezabonyeza, akasema utolewe upesi kabla haujasambaa.

Nilipomweleza Shangazi, alimpakata paka mpaka wali ukaungua jikoni. Na Shangazi si mtu wa kuunguza wali.

Najua kwa nini. Alipofiwa na mumewe, akiwa ndani anakaa eda, Chausiku aliingia kwa dirisha la jikoni, kitoto cha paka hakijui hata kulamba maziwa. Watu walikuja kuhani, wakalia, wakarudi makwao. Chausiku alikuja akabaki. Shangazi mwenyewe husema yeye na huyo paka walimaliza eda pamoja.

Basi jana daktari akanipigia simu. Mleteni kesho asubuhi, na paka afunge, asile kitu. Nilikuwa nafua, povu mpaka viwikoni, nikaufikisha ujumbe kwa kifupi: "Shangazi, kesho Chausiku anafunga." Akaitikia kutoka uani, "Haya mwanangu, inshallah." Nikaendelea kufua, roho imetulia.

Sasa wewe mwambie mtu yeyote wa mji huu kwamba fulani kesho anafunga, halafu uone atakachofanya.

Asubuhi tulimtia kwenye tenga, jirani akatupeleka kwa gari lake. Chausiku alilalamika njia nzima, Shangazi akimsomea dua kupitia matundu ya tenga. Kliniki tulikuta jibwa kubwa la mtu mmoja wa hapo Mapinga, mguu umefungwa bendeji. Shangazi alikusanya baibui lake lisiguswe, akasogea mwisho wa benchi, kisha akaligeukia lile jibwa akaliambia, "Pole, baba." Nilijikaza nisicheke.

Tukaitwa ndani. Daktari Upendo ni binti wa bara, mpole, anaongea taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Akauliza paka amekula mara ya mwisho lini. Nikafungua mdomo niseme jana jioni. Shangazi akaniwahi, tena kwa fahari.

"Amekula daku. Wali na kibua, kala vizuri tu, alhamdulillahi."



"Daku?" daktari akauliza.

"Si mlisema anafunga? Na mimi Jumatatu nafunga sunna yangu. Nimeamka, nimemwamsha, tumekula pamoja. Utamfungishaje kiumbe mgonjwa bila daku?"

Nilitaka kuangua kicheko, nikaona uso wa daktari, kicheko kikarudi kilikotoka. Akatueleza: mnyama akipigwa nusukaputi na tumbo lina chakula, anaweza kutapika akiwa usingizini, matapishi yakaingia kwenye mapafu. Anaweza asiamke.

Shangazi aliziba mdomo kwa upindo wa mtandio. "Kumbe ningemuua kwa wali wangu mwenyewe."

"Hapana, mama," daktari akamwambia. "Umesema kweli, na ndiyo imemwokoa. Tutawahudumia wengine kwanza. Yeye tutamfanyia alasiri, tumbo likishakuwa tupu."

Hapa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Shangazi asingeniwahi, mimi ningejibu kwa uhakika kabisa kwamba paka hajala tangu jana. Daktari angeniamini. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu leo nusura uponze paka. Bado nikiwazia naona baridi, na joto lote hili.

Tukangoja. Jibwa likatibiwa likaenda zake, akaja sungura, akaja kasuku wa watu anayejinyonyoa manyoya. Daktari akatuletea chai. Mimi nikapokea bila aibu. Shangazi akasema, "Nimefunga, mwanangu," na daktari akacheka kwa mara ya kwanza, akacheka mpaka akafuta macho. Shangazi naye akacheka. Mambo yakawa mepesi kidogo.

Lakini mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa, wepesi wote uliisha. Shangazi alitoa tasbihi. Mimi nilisoma bango la minyoo ya mbwa ukutani mpaka nikalikariri. Nilimwogopea Chausiku, ndiyo, ila zaidi nilimwogopea huyu mzee pembeni yangu. Sijui ningemrudisha vipi kwenye nyumba ile na tenga tupu.

Daktari alitoka anavua glavu. Uvimbe umetoka mzima, haukuwa umeng'ang'ania nyama. Kipande kitapelekwa Dar kupimwa, majibu yatakuja, lakini kwa macho yake ana matumaini. Shangazi alimshika mikono yote miwili akamwombea dua ndefu, ya mume mwema na watoto, na daktari Mkristo wa watu akaitikia amina kila ilipopasa.

Chausiku aliletwa tumbo limenyolewa, macho mazito, shingoni kavishwa plastiki pana asijilambe mshono. Shangazi akamtazama. "Mmemvisha ungo?"

Tumerudi nyumbani jua linakaribia kuzama. Daktari alisema akichangamka tumpe maji kwanza, chakula kidogo tu baadaye. Adhana ya magharibi ikalia. Shangazi akakaa mkekani, tende mkononi, kibakuli cha maji mbele ya paka. Tende hakuila. Nikamwambia, Shangazi, futari hiyo inachelewa. Akasema anajua.

Chausiku alikizunguka kile kibakuli, ule ungo ukagonga ukingo, maji yakamwagika. Akajaribu tena. Mara ya pili ulimi ukafika. Akalamba, akapumzika, akalamba.

Hapo ndipo Shangazi alipotia tende kinywani. Alitafuna huku machozi yanamtoka na anacheka, na mimi nikaenda jikoni kutazama uji usiochemka.

Sasa nimekaa kibarazani naandika. Nimejiapia kwamba kuanzia leo ujumbe wa daktari nitaufikisha mzima mzima, hata mikono ikiwa na povu. Dirisha la chumba chao liko wazi, namsikia Shangazi anamnong'oneza paka wake.

"Lala, mama. Kesho hatufungi."