Mtani Wangu, Lindo la Masanze Sasa Nimeshika Mimi

Mtani,

Ulipokuwa hai shikamoo nilikuwa nakupa nusunusu kwa sababu ya utani. Leo chukua nzima.

Mwenzio bahati imenipenda. Masanze yote imesema lindo la mashamba nirithi mimi, mtu wa darasa la nne niliyefika mpaka Tanga nikarudi na kofia. Hakuna aliyepinga. Akina mama walipiga vigelegele mpaka nikaona haya, na unajua haya mimi sina.

Nakumbuka tulivyokuwa kabla yako. Uhuru umekuja, jumbe ameondolewa, mkubwa mpya tunaambiwa yuko njiani kutoka Kilosa mjini. Kila mtu akalinda shamba lake. Nguruwe nikimfukuza kwangu anaingia kwa jirani, jirani ananirudishia, jioni tunashikana mashati. Mahindi tukayavuna mabichi, maana ukingoja yakauke atakula mwingine. Ndipo likaja kundi la watu wenye mikuki, eti watatulinda. Wakala, wakabeba, wakaenda zao. Kundi lililokuja baada yao likala hata mbegu.

Halafu wewe, Mnyamwezi umetoka kukata mkonge, na mbwa wako wakorofi. Tusidanganyane, ulikuwa mlaji kama wao. Ila wewe ulijenga nyumba. Kwa kutulindia mashamba ulitaka kikapu kimoja cha mahindi kila nyumba baada ya mavuno, na tulipokuuliza mbona mbegu huzigusi ulituona wajinga. "Nikila mbegu zenu, mwakani nitakula nini?"

Mwaka mmoja ukanogewa, ukataka vikapu viwili. Bi Mwanaidi, yule mjane wa bondeni, akakujibu mbele za watu: "Basi mimi nalima cha wanangu tu. Wewe njoo ulinde majani." Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukarudi kwenye kimoja. Tangu siku ile kikapu kilipangwa kwenye kikao, na ugomvi wa mipaka ukaletwa kwako. Watu wakaacha mahindi yakauke shambani. Wengine wanangoja serikali ije na gari. Mimi niliiona ikija kwa miguu, inanuka mbwa.

Siku ya mazishi niliingia kaburini kudai changu kabla hujalazwa, kama inavyompasa mtani. Watu wakacheka, wakanitupia sarafu. Halafu miguu ikakataa kupanda. Ilibidi wanivute.

Nilijiambia sitalia kwenye karatasi hii. Haya.

Lala salama, mkubwa wangu. Mbwa wako nawalisha mimi. Ijumaa watu wakitoka msikitini nitasimama mlangoni niombe kikapu kimoja, kimoja tu, na shamba la Bi Mwanaidi kule bondeni nitalilinda kwanza.

Ila nimekudanganya, Mtani. Hawakunichagua. Walisema mimi ni wa maneno, kikao kikavunjika, na sasa kila mtu analinda shamba lake, kama kabla yako.