Ile Tisini na Saba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukigombana na cherehani yako kama kawaida, maana siku utakayonyamaza nayo ndipo nitakapoingiwa na hofu. Mimi sijambo, ila kiuno kinaniuma kwa kuinamia mashine. Salamu pia kwa mdogo wangu, kwani najua ni yeye anayekusomea, eti miwani yako imepotea tena. Mdogo wangu, soma yote, usiruke hata mstari, hata mama akikukatiza.

Nilifurahi mno kusikia umekubali kuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu kupimwa macho. Miaka mitatu nimekubembeleza, na miaka mitatu umeniambia huna muda wa kusubiri majibu ya wiki mbili. Kilichokulainisha ni barua yangu iliyopita. Nilikuandikia kwamba seva yetu mpya, yaani ile kompyuta kubwa inayopokea picha za macho kutoka kliniki zote na kuzifikisha kwa madaktari bingwa walio mbali, imewekewa kadi ya mtandao yenye kasi ya ajabu; kwamba nimeipima mwenyewe ikatoa tisini na saba kati ya mia; na kwamba sasa mgonjwa atapata jibu kabla hajainuka kitini. Nasikia wateja wako wote wamesomewa barua ile, hata yule aliyekuja kupunguza suruali tu.

Mama, namba ile haikuwa ya kweli.

Kupima kadi ya namna hii kunahitaji mashine mbili, moja itume na nyingine ipokee, na katikati yao uwe umepita waya. Ijumaa ile nilifungua madirisha mawili kwenye skrini yangu, nikidhani kila moja ni la mashine yake. Kumbe yote mawili yalikuwa ya seva ileile! Ikajitumia yenyewe, ikajipokea yenyewe, ikajisifu. Mkuu wetu, mama mmoja tunayemwita Dakika kwa jinsi anavyochukia kuzipoteza, akaibandika karatasi ya matokeo ukutani na kuzipigia simu kliniki zote. Watu wakanipigia makofi. Nami nikavimba kichwa, nikakuandikia jioni ileile.

Jumatatu asubuhi fundi wetu wa nyaya, ambaye hata mke wake humwita Kebo, alikuja mezani kwangu na waya ameuzungusha shingoni. Akaniuliza kwa upole kama sasa anaweza kuurudisha kwenye seva, kwa sababu aliuchomoa tangu katikati ya wiki iliyopita ili aubandike lebo, kisha akausahau mkobani. Nilikuwa nimepata tisini na saba wakati waya wenyewe uko nyumbani kwake! Nikamwambia aurudishe tu, nikangoja aondoke, nikapima upya. Ishirini na tatu. Kwa kasi hiyo, kliniki zikituma kwa pamoja, picha zingepanga foleni kutwa nzima. Wewe ungechukua mkoba wako ukaondoka, na ninavyokujua, usingerudi tena.

Nilikaa kimya siku mbili. Kila aliyepita mbele ya karatasi ile alinionyesha dole gumba, nami nilitabasamu kama mjinga. Jumatano asubuhi mdogo wangu akanipigia simu akishangilia kwamba barua imefika na umekubali kuja. Sikuweza kumaliza chai. Niliingia ofisini kwa Dakika nikamwaga yote, nikijua huenda ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Aliniuliza tu namba ya kweli ni ngapi. Kisha akanituma nikabandue karatasi ile kwa mkono wangu na kubandika nyingine, watu wote wakiwepo, naye akazipigia simu kliniki moja baada ya nyingine kuziambia zisubiri. Aibu niliyoipata siku hiyo naomba usiniulize.

Basi tukaanza upya, mimi na Kebo. Kwanza tuligundua kuwa kadi ilikuwa imechomekwa kwenye tundu ambalo kwa nje ni refu kama mengine, lakini kwa ndani limeunganishwa robo tu ya njia zake. Tukaihamisha, ikapanda hadi hamsini na moja. Kisha tukaona kwamba seva ina prosesa mbili, yaani bongo mbili za kufanyia kazi, na kazi ya kadi ilikuwa ikifanywa na ile ya mbali, kama wewe ukate kitambaa sebuleni na mkasi uwe unaufuata chumbani. Tulipoikabidhi ile ya jirani tukapata sabini na nane. Tukavikuza pia vifurushi ambamo picha hugawanywa ili zisafiri kwenye waya, na juzi tukafika tisini na nne. Siku hizi katikati ya kila jaribio Kebo huuchomoa waya ghafla. Namba isipoanguka hadi sifuri, tunajua tunajidanganya. Juzi ilianguka mara tano, na mara tano tulipourudisha waya ilipanda tena. Jana picha za mgonjwa wa kwanza zilijibiwa kwa dakika nne.

Sasa niseme lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Unakumbuka tulipokwenda kupima macho miaka mitatu iliyopita, ukaniomba pale kwenye benchi nikusomee zile herufi za ukutani, eti kupitisha muda? Nilikusomea hadi mstari mdogo wa chini kabisa. Ulipoitwa ulizitaja zote bila kukosea, ukasifiwa, tukatoka tunacheka. Nilijua, mama. Nilijua tangu uliponiomba nirudie mstari wa nne. Nilitaka sana kusikia kwamba macho yako ni mazima, na niliposikia sikutaka kujua zaidi. Ndiyo maana nimekubembeleza muda wote huu bila kuthubutu kukutajia sababu. Nisamehe.

Wasalimie wateja wako, uwaambie ni tisini na nne. Mwenye suruali asisahaulike. Mdogo wangu akupandishe gari la asubuhi, nami nitakuwa nakungoja nje. Tutakaa pamoja kwenye benchi, nitakushika mkono, tutazungumza chochote utakacho. Lakini herufi sitakusomea.

Akupendaye sana,
Mwanao wa kwanza